Hodi Kutoka Ndani

Mama Petrona Kaal alihesabu wageni wake, akapata wawili.

"Tuko watatu," alisema Haruni Mwinyikondo kwa upole, maana aliyesahauliwa ni yeye.

Mama Petrona akaanza upya. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, ambaye aliwaongoza watalii katika msitu ule tangu kabla hajaolewa, na alihesabu watu kwa kuwagusa kofia za plastiki vichwani. Akamgusa Bwana Eskil: mmoja. Akamgusa Bi. Gunvor, mkewe Eskil: wawili. Mkono ukapita juu ya kichwa cha Haruni, ukasita, ukarudi kiunoni. "Wawili," akasema, huku uso umekunjamana. Mwishowe akachoka. Akachukua kofia ya tatu, akaiweka hewani pale ilipotokea ile sauti, nayo ikakaa. "Haya, twendeni."

Haruni hakukasirika, alishazoea. Miaka tisa sasa watu walikuwa wakimhesabu hivyo.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi ya Wamaya, hilo linatosha, na ukitaka kuitafuta kwenye ramani utahangaika bure kwa sababu mipaka yake ilikuwa ikihama kila mtu alipokohoa. Mama Petrona aliongea Kimaya cha kwao, lakini kila mgeni alimsikia katika lugha aliyogombezewa utotoni. Usiniulize ilikuwaje. Haruni mwenyewe hakuuliza, na yeye ndiye aliyekuwapo, kama kweli alikuwapo. Hapo ndipo penye shida yote ya hadithi hii.

Maana Haruni hakuwa na hakika kama yupo. Watu wengine hupatwa na wazo hilo kwa kusoma sana, yeye alilipata kwa kunyamaza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa afisa wa vibali: vibali vya kujenga na kubomoa, vya kupiga ngoma, vya kukata mti, vya kupita mahali ambapo babu yako alipita bila kumwomba mtu. Aliketi nyuma ya dirisha lenye tundu, na neno lake kubwa lilikuwa "njoo kesho". Alilitamka bila ubaya wowote. Aliamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili tu, wale wanaobisha hodi na wale wanaosema karibu, na kwamba Mungu kwa hekima yake alimweka yeye upande wa pili wa tundu.

Sasa, alikuwa na dada, Mwanakheri, aliyemzidi miaka sita, aliyembeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia. Wakakosana. Kosa lenyewe nalitaja ili lisije likakuzwa: siku ya kupokea posa ya binti wa Mwanakheri, aliyesimama kusema kwa niaba ya familia alikuwa binamu yao mmoja mpole mwenye duka la kandambili, siyo Haruni, mjomba mtu, mwenye ofisi. Ni hilo tu. Haruni akanuna miezi saba.

Alasiri moja amesimama sebuleni, nyuma ya pazia, kikombe cha chai kimefika nusu ya safari ya mdomoni, akasikia, "Hodi." Aliijua sauti. Akabana pumzi. Kikombe hakukishusha wala hakukinywea, asije akasikika. Kimya cha adabu kikapita, kile cha kumpa mwenye nyumba nafasi ya kujifunga kanga au kumaliza swala. "Hodi wenyewe." Kimya tena. "Hodi jamani." Mara tatu, kama inavyopasa, na baada ya tatu mtu mwenye adabu haingii. Kisha Mwanakheri akajisemea, wala si kwa hasira, "Basi, hayupo." Kandambili zake zikaondoka, zikapunguka, zikaisha. Siku ya nne Haruni akaletewa habari kwamba dada amefariki.

Alikuja kusema nini? Hilo ndilo lililomla Haruni miaka tisa. Alikuja kuomba radhi? Kumlaani? Kumwachia wosia, siri ya baba yao, jina la ugonjwa? Akilala analigeuza, akiamka lipo. Na pamoja na swali hilo akaachiwa ile hukumu: hayupo. Kinyozi alimruka kwenye foleni. Msikitini safu ilijibana kana kwamba nafasi yake ilikuwa wazi, akatoka amefinywa mbavu pande zote mbili na hakuna aliyemwomba samahani. Zaidi ya yote, lile neno la mwenyeji lilimfia kooni. Jirani akibisha hodi, Haruni anafungua mdomo, hakitoki kitu. Inambidi aende mlangoni afungue, atabasamu kwa aibu, na majirani wakasema mzee yule amekuwa na kiburi cha ajabu tangu astaafu.

Ndipo siku moja, katika kijitabu cha safari alichokikuta sijui wapi, akaona picha ya mdomo wa pango katikati ya miti, mpana, mweusi, hauna mlango wala pazia. Akafurahi kijinga. Nyumba isiyo na mlango haina hodi, alijiambia. Pale hata mtu asiyekuwapo anaweza kuingia, akapumzika.

*

Njia ilikuwa na mto mmoja, nao waliuvuka mara tatu. Haruni alijaribu kuelewa inawezekanaje kuvuka mto uleule mara tatu kwenda upande uleule, akashindwa. Mara ya kwanza maji yalikuwa ya magoti, na Bwana Eskil alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, akilalamikia viatu. Mara ya pili yalikuwa ya kiuno, na Bwana Eskil akatoka ng'ambo na nyonga iliyonyooka na meno yote. Mara ya tatu yalikuwa ya shingo. Aliyepanda ukingoni alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, anang'aa kwa maji. Akamgeukia Bi. Gunvor, ambaye mto ulikuwa umemwacha na uzee wake, akamwuliza kwa heshima kama angependa kushikwa mkono.

"Asante, mwanangu," alisema Bi. Gunvor. Kisha akasimama, akamtazama kwa muda mrefu akijaribu kukumbuka amemwona wapi.

Haruni aliwaonea huruma, halafu wivu. Wao angalau mto uliwabadilisha. Yeye alitoka kama alivyoingia, hata nguo zake zilikauka mapema kuliko za wengine, kama zilizoanikwa bila mtu ndani. Akatembea akiwaza. Kama mtu akisikia na asijibu, je, aliyesikia ni nani? Masikio yalikuwapo. Pumzi ilikuwapo, ameibana mwenyewe. Kikombe kilikuwapo, na chai ikapoa, na kupoa kwa chai ni ushahidi kwamba kuna aliyeacha kuinywa. Mlango uligawa dunia pande mbili, upande wa dada ukajaa dada, na upande wa pili? Yeye aliyekuwa akiwapa watu ruhusa ya kuwa mahali, hajui leo aombe kwa nani ruhusa ya kuwa mahali. Majani yalimdondoshea maji shingoni na nyani mmoja mweusi aliguruma juu huko kama lori linalopanda mlima. Haruni akakaza mwendo.

Karibu na pango palikuwa na kibao cha serikali: hairuhusiwi kuingia bila kibali. Chini yake muhuri. Haruni akausogelea: ulifanana kabisa na muhuri wake, hata ile pembe iliyomeguka siku alipouangusha.

"Kibali tunacho," alisema Mama Petrona. "Lakini hicho ni cha hawa wa kibao. Mlima una mwenyewe."

Akachutama mbele ya mdomo wa pango, akatoa kifurushi cha majani makavu, ndani yake utomvu mgumu wa mti, akauweka juu ya kaa la moto. Moshi ulipopanda Haruni alishtuka. Ulikuwa ubani. Si ubani wa kwao hasa, ulikuwa mkali zaidi na una ndimu kwa mbali, lakini pua yake haikuleta ubishi, ikamrudisha moja kwa moja matangani.

"Bibi yangu alinifundisha hivi," alisema Mama Petrona. "Unamwita mwenyewe. Unamwomba kuingia. Akijibu, unaingia. Asipojibu, unarudi nyumbani na huulizi kwa nini. Kila mtu kwa lugha yake, anazijua zote."

Akaita kwa Kimaya. Pango likamrudishia maneno yake polepole, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Bi. Gunvor akaita salamu ya kwao, pango likaita salamu ileile. Kijana Eskil naye hivyohivyo. Kwao, anayesalimiwa hurudisha neno lilelile alilopewa, basi wakaona wamepokelewa vizuri sana, wakaanza kufunga kamba za viatu.

Zamu ya Haruni ikafika. Nyumba isiyo na mlango, na bado hodi! Alitamani kucheka, alitamani kukimbia. Akaweka kiganja kando ya mdomo kama alivyofunzwa na dada yake walipokuwa wakitumwa kwa majirani.

"Hodi!"

"Hodi," likasema pango.

*

"Umejibiwa, baba," alisema Mama Petrona. "Pita."

"Sijajibiwa."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Hilo si jibu, mama. Kwetu anayesema hodi ni mgeni. Mwenyeji husema neno lingine." Alijaribu kulitamka, likakwama palepale linapokwama siku zote. "Huyu wa ndani hajaniruhusu chochote. Na yeye anabisha."

"Ni mwangwi tu," alisema Bi. Gunvor, bila kuudhi.

"Inawezekana," alisema Haruni. "Lakini amebisha. Siwezi kumpita mtu anayebisha hodi nikaingia kwake. Naingia kwa nani?"

Bi. Gunvor na kijana Eskil wakakaa juu ya gogo, wakafungua biskuti, wakawa wananong'ona kuhusu ukaidi wa wazee. Mama Petrona hakukaa nao. Alilitazama lile pango kana kwamba ameliona leo. Alikuwa mtu wa mzaha na makelele njia nzima, sasa sauti ilimshuka.

"Mimi huwa nasema: naomba kuingia," alisema. "Na lenyewe linaniambia: naomba kuingia. Miaka thelathini. Nami nikaifanya hiyo ndiyo ruhusa."

"Bibi alisemaje?"

"Bibi hakuwahi kuniambia jibu linafananaje." Akajipangusa mikono kwenye sketi, mara ya pili, mara ya tatu. "Ee, baba, umenivuruga. Nimeingiza watu wangapi humu? Na yeye kumbe alikuwa akituomba sisi?"

Haruni aliona tu kwamba sasa wamekuwa wawili wasiojua wasimame upande gani. Kama wa ndani ndiye mgeni, basi ndani ni huku nje, msitu huu wote ni sebule, na mwenye nyumba ni yeyote atakayejibu. Yeyote. Hata afisa mstaafu asiyehesabika. Wazo hilo lilimtisha kuliko giza la pango. Akaona ajaribu tena, labda mara ya kwanza alikosea.

"Hodi wenyewe!"

"Hodi wenyewe," likasema pango, polepole kuliko yeye, sauti ya chini kuliko yake, na mwishoni pakawa na kikohozi kidogo ambacho Haruni hakukikohoa.

Akashika mwamba.

Mara mbili, akawaza. Imebaki moja. Nikiita ya tatu na yeye ataita ya tatu. Akishaita ya tatu ataondoka. Atasema lile neno. Nisipoita, hataita. Ninyamaze basi. Nikinyamaza atabaki mlangoni. Atabaki. Sitampoteza. Yuko pale, mimi niko hapa, kati yetu pana hodi moja haijatumika. Naweza kuitunza. Nimeitunza miaka mingapi? Nani ananiona? Hakuna anayeniona. Nisimeze mate.

Akanyamaza. Sijui ilichukua muda gani, na wao hawakukubaliana baadaye. Kaa la ubani likawa jivu. Kijana Eskil akaota mvi mbele ya biskuti zake, mabega yakamwinama, na Bi. Gunvor akamtambua, akapiga kelele ya furaha na kumshika mkono. Mwanga haukusogea. Haruni alisimama na mdomo wazi kidogo, na polepole akatambua kwamba amebana pumzi. Aliijua pumzi ile. Ndiyo ileile, haijawahi kutoka.

"Baba," alinong'ona Mama Petrona, "unangoja nini?"

"Nikinyamaza hataondoka."

"Na kama amechoka kusimama?"

Haruni akamgeukia. Miaka tisa amemwaza dada yake kwa kila namna, dada mwenye hasira, dada mwenye siri, dada mwenye msamaha mkononi kama barua. Hata siku moja hakuwahi kumwaza dada aliyechoka kusimama. Aibu ikampanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, ya moto.

Na hapo, bila yeye kuita, bila mtu yeyote kuita, kutoka ndani kukaja:

"Hodi jamani."

Wote walisikia. Biskuti ilimdondoka Bi. Gunvor mkononi.

Haruni alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajishika koo, akajipiga kifua kama mtu aliyepaliwa na wali. Alijua muda uliobaki, ni ule wa kugeuza kandambili tu. Neno likapanda, likakwama, likamkwaruza, na alipolisikia hatimaye halikuwa na heshima ya mwenye ofisi hata kidogo, lilikuwa sauti ya mtoto anayeitika akiwa uani.

"Karibu! Karibu, dada! Pita!"

Wakangoja lirudi. Kila kitu mahali pale kilirudi, kikohozi, hatua, hata kubofya kwa kamera. Hilo halikurudi. Lilikwenda ndani likapokewa. Mama Petrona akainuka na kunyoosha sketi yake, kama mtu anavyoinuka mgeni akiingia.

*

Nani alitoka, mimi sitamchora, kwa sababu Haruni mwenyewe hakumwona sawasawa, na nikimwongezea uso nitakuwa namdanganya kila mtu. Aliona jivu la ubani likipeperuka bila upepo. Akasikia harufu ya kanga iliyoanikwa juani. Jiwe moja bapa lililokuwa chini ya mdomo wa pango, lenye ukungu wa kijani, likakandamizika juu kama godoro linavyokandamizika mtu akilikalia.

"Shikamoo, dada," alisema Haruni.

"Marahaba. Jua la leo kali, Haruni."

Juu kulikuwa na majani matupu, jua halipenyi. Hakubisha.

"Nipe maji kwanza," ilisema sauti.

Akapapasa mkoba, chupa ilikuwa imebaki mtoni. Mama Petrona akamwonesha kwa kidevu: ndani kidogo, pale dari liliposhuka, palikuwa na jiwe refu lililoning'inia, na kwenye ncha yake tone. "Yakinge kabla hayajafika chini," alisema. "Hayo wazee wetu waliyafuata mpaka huku, maji ambayo hayajakanyagwa na mtu. Kinga kwa mikono, usiwe na haraka."

Haruni akaingia. Hakuna aliyemkataza. Akaunganisha viganja chini ya lile jiwe. Tone likadondoka, baridi. Akangoja. Tone la pili. Aligundua kuwa Mama Petrona amemfuata kwa macho na kwamba sasa anamwona, maana alimwambia asogee kushoto kidogo. Tone la tatu. Kwa namna ile kujaza viganja kungechukua nusu siku, naye hakuona ubaya wowote. Kwa kuwa alikuwa amemgeuzia dada mgongo, akapata ujasiri.

"Dada, siku ile. Ulikuja kuniambia nini?"

Tone.

"Kukuambia?" Sauti ilishangaa kweli. "Sikuwa na la kukuambia. Nilikuwa natoka hospitali, nikapita. Nilikuwa na kiu."

"Kiu?"

"Kiu, ndiyo. Kwako nilipakuta kabla ya kwangu. Nikasema ninywe kwa Haruni, nipumzike kidogo, niende zangu."

Haruni alitazama maji kiganjani. Miaka tisa! Wosia, laana, siri ya baba. Alikuwa amejenga majumba mazima juu ya kiu ya mtu mmoja, akakaa ndani yake, akaita mateso. Alilia bila kujifuta, mikono haikuwa na nafasi.

"Kwani siku ile hakukuwa na maji?" aliuliza dada, taratibu, kama anayetaka tu kujua.

"Yalikuwapo. Mtungi ulikuwa umejaa."

"Na wewe?"

Mama Petrona akatazama pembeni. Bwana Eskil na mkewe walikuwa wamesimama, wameshikana mikono, hawaelewi tena lugha inayosemwa. Haruni alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyakusanya miaka yote ile, mazuri, ya kiofisi. Na kulikuwa na moja bora kuliko yote, ambalo dada mwenyewe alimpa mlangoni bila kujua, na ambalo amejifunika nalo mpaka leo, maana asiyekuwapo hana kosa. Angeweza kulirudia tu. Dada angeliamini, kama alivyoliamini mara ya kwanza, wangenyamaza, wangekunywa maji, na Haruni angerudi nyumbani kama alivyokuja, mwepesi, asiyehesabika mpaka kufa.

Tone likadondoka. Viganja vilikuwa vimejaa. Akageuka taratibu asije akamwaga, akatembea mpaka kwenye lile jiwe bapa, akapiga magoti.

"Nilikuwapo, dada," alisema. "Nilikusikia."